Madamu Aliyechomoa Waya

Ilianza Jumatatu, saa nane na robo mchana, wiki ya mwisho ya likizo ya Aprili. Nilikuwa nachambua sukuma wiki nyuma ya nyumba, mama akaniita kwa ile sauti yake ya kunitoa sadaka.

"Enda kwa Madamu. Kompyuta yake imerara, haiamki. Nimemwambia wewe unasomanga hiyo mambo shuleni."

"Mama, si mimi. Tafadhali."

"Si wewe unataka kompyuta ya kumaliza mradi yako? Yeye ako nayo. Mtasaidiana."

Mtasaidiana! Mama yangu ni mtu mwema mpaka anadhani wema ni kama chumvi, kila nyumba lazima iwe nayo kidogo.

Mtaa mzima unamwita Madamu. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sijui na sijawahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba alikuwa mwalimu mkuu wa shule yangu ya msingi. Alipostaafu nilikuwa darasa la sita, na nilimshukuru Mungu kwa magoti. Kumbe Mungu alikuwa anamhamisha tu. Alijenga karibu na kwetu, hivi kwamba nikipiga chafya bombani ananisikia na kusema chafya yangu haina adabu.

Yeye ndiye aliyenipa jina ambalo si langu. Nikiwa darasa la nne aliniita mbele ya gwaride nikariri shairi. Nililijua lote. Nilisimama, nikafungua mdomo, na maneno yakagoma kutoka. Madamu akangoja, akatazama saa yake, kisha akaiambia shule nzima, "Watoto, leo tumepata kasuku." Shule ikacheka. Mpaka leo, na sasa niko kidato cha nne, nikipita kwake anaita kutoka dirishani: "Kasuku! Leo utatuambia nini?" Halafu ananyamaza makusudi ili wote wasikie kwamba sijajibu.

Kwa hiyo huyo ndiye mtu niliyetumwa kumtengenezea kompyuta.

Nyumba yake imevaa nguo kuliko mwenyewe. Vitambaa vya kushona kwa mkono viko kila mahali: juu ya viti, juu ya redio, juu ya televisheni, juu ya mtungi wa gesi. Siku hiyo ya kwanza nilisimama katikati ya vitambaa nikiogopa hata kupumua, nikauliza kwa sauti ya chini laptop iko wapi.

"Iko nini?"

"Laptop."

"Hapa kwangu hakuna kitu kama hicho. Kuna kipakatalishi."

Basi kipakatalishi kilikuwa mezani, kimelazwa juu ya mto wa sponji kama mgonjwa, kimefunikwa kitambaa cha rangi ya maziwa chenye maua mekundu. Hata akikitumia, kitambaa hakitoki. Anakirudisha nyuma ya kioo tu na kukiacha kining'inie pande zote mbili, kama shela ya bibi harusi. Nilipokigusa kipakatalishi chini karibu nivute mkono. Kilikuwa na joto la kikaango cha chapati. Ukikiwasha, unaenda jikoni, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, ukirudi bado kinazungusha kile kiduara chake.

Na betri ilishakufa zamani. Kilikuwa kinaishi kwa waya tu. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, lakini sikujua nimejua jambo kubwa kiasi gani.

Nilianza na yale tunayofundishwa. Nilikitoa kwenye mto, nikakiweka juu ya mbao. Nikaazima pampu ya baiskeli ya baba, nikapuliza kwenye matundu ya feni, na vikatoka vumbi, nyuzi nyekundu na nyuzi za rangi ya maziwa, na mguu wa mende. Nikafuta michezo ambayo mpwa wake wa Nairobi aliijaza Krismasi. Nikazima programu zote zilizokuwa zinajiamsha zenyewe. Madamu alisimama nyuma yangu muda wote, akinusa.

"Unafuta nini? Nani amekuambia ufute?"

Nilipofika kwenye picha, alinipiga kofi mkononi. Si kali. La kuniondoa, kama unavyomfukuza nzi.

"Hao hawafutwi. Hao ni watu."

Walikuwa watu kweli. Walikuwa marehemu. Madamu ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu wote wa kanisa letu, na hata wa makanisa mengine. Mtu akifa, kabla jeneza halijatafutwa, familia inaenda kwake na picha, anachapa kurasa za kusomwa siku ya mazishi. Kompyuta ilikuwa imejaa wao, mwaka baada ya mwaka.

Lazima niseme ukweli hapa, ingawa unaniuma: anaandika vizuri. Anawaandika kana kwamba aliwapenda. Mzee aliyekuwa akilala mtaroni kila mwisho wa mwezi, Madamu aliandika kwamba hakuna mtoto aliyemwogopa, na watu wakalia kwa sababu ilikuwa kweli na hakuna aliyekuwa ameifikiria. Nyanya yangu alipofariki, Madamu aliandika kwamba obusuma yake, ule ugali wake, haikuwahi kuwa na madonge na kwamba mgeni hakuwahi kuondoka kwake akiwa na mikono mikavu. Alijuaje? Nyanya hakuwa rafiki yake. Baba alisoma mistari hiyo na sauti ikamkatika.

Kwa hivyo ukitaka Madamu akusifu, kufa kwanza. Sisi tulio hai tunapata kalamu nyekundu. Ukimletea hata kadi ya mchango wa harusi, anaisahihisha kabla hajaisoma, halafu anakurudishia.

Na kuhusu baba yangu, ambaye bado yuko hai, maneno yake ni mengine. Baba anakata miwa upande wa Ekero, anakuja nyumbani wikendi. Jumanne Madamu aliniletea chai. Nilionja. Haikuwa na sukari. Akaniona nimeonja.

"Nilidhani nyinyi hamhitaji. Baba yako si ndiye anayeikata?"

Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Nikainywa yote. Mimi ni mtu wa aina hiyo, nainywa yote.

Siku hiyo ya Jumanne asubuhi kompyuta ilikuwa imepata nafuu. Ilifunguka haraka kidogo, na nikaanza mradi wangu. Mwalimu wetu alitaka kila mtu atengeneze mfumo wa rekodi, na mimi nilichagua wa mfugaji wa kuku: jina la kuku, siku ya chanjo, mayai, mteja. Bila mradi huo huna alama ya somo, na Jumatatu shule ilikuwa inafungua. Maabara ya shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, na pesa ya kukodi kompyuta saiba nyumbani kwetu ilikuwa na jina lingine: unga. Kwa hiyo nilikuwa na kompyuta moja tu duniani, na ilikuwa yake.

Saa tisa mbingu zikaguna.

Sasa nieleze habari ya Madamu na radi. Hapa kwetu wakati wa masika mvua ya mchana haiombi ruhusa, na radi zake si za mchezo. Kila mtu anachomoa televisheni, anafunika kioo, anawaita watoto waondoke mlangoni. Hata mama. Lakini Madamu huanza wingu likiwa bado liko upande wa msitu, dogo kama mkoba. Anatoka jikoni akikimbia, yeye ambaye hakimbii, na kuchomoa kila waya: redio, televisheni, friji. Halafu anafunika kioo cha ukutani kwa shuka. Halafu anachomoa kompyuta, paa, ikiwa inafanya kazi, na kuifunika kitambaa chake chenye maua.

"Nimeizima," anasema.

Watu wanasema zamani radi ilimuulia ng'ombe na kumchomea televisheni siku moja. Mama wa maziwa wa mtaa wetu aliwahi kumpa pole ya ng'ombe. Madamu akamjibu, "Televisheni ilikuwa mpya."

Jumatano kompyuta ilikuwa imerudi kuwa mgonjwa, tena zaidi. Ilikwama tangu asubuhi kwenye kioo cha bluu chenye maneno kwamba inajisasisha, usiizime. Na siku hiyo ndiyo akina mama wa kanisa walikuwa wanakutana kwake. Mama yangu alikuwa pale, amekaa kwenye stuli karibu na mlango. Mimi nilikuwa kwenye pembe nikitazama kiduara kikizunguka, na flashi yangu ya shule imechomekwa ubavuni.

Madamu akainua sauti ile ya gwaride.

"Akina mama, mnaona huyu? Kipakatalishi changu kilikuwa kimechoka tu. Nikaletewa daktari. Daktari akaja na kidude cha shuleni kwao kilichojaa magonjwa, na sasa mgonjwa anakata roho."

Mama akasema, "Madamu, razima kuna sababu ingine..."

"Razima ndiyo nini, Mama? Hebu itamke vizuri, tukuelewe."

Wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Mama akaangalia mikono yake. Madamu akaichomoa flashi yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia, akanirudishia. "Hii isiingie tena humu ndani." Hivyo mradi wangu ukabaki umefungiwa ndani ya mashine yake.

Njiani mama akaniuliza, "Wewe uliharibu?"

"Hapana."

"Basi mbona hukusema?"

Ningesema nini? Kwamba niko bado mbele ya gwaride?

Alhamisi nilirudi kwa sababu kuku wangu walikuwa kule ndani. Siku hiyo mvua ilikawia. Kompyuta ikaendelea na kujisasisha kwake, ikafika nusu, ikapita nusu, ikafika mahali ambapo sikuwahi kuiona ikifika. Nikawa natazama ile namba inapanda na moyo unapanda nayo. Ndipo radi ikapiga mbali, Madamu akatoka jikoni, paa, waya nje. Kioo kikawa cheusi, na mimi nikaona kila kitu waziwazi.

Haikuwa ugonjwa. Krismasi mpwa wake alipakua masasisho kwa bando ya simu yake. Tangu hapo mashine ilikuwa inajaribu kujitengeneza, na kila alasiri yenye radi mwenyewe anaikata roho kabla haijamaliza. Ikiamka, inafuta ilichofanya na kuanza upya, asubuhi nzima, na mchana inakatwa tena. Ingeachaje kuwa polepole? Hata mimi, ukiniamsha kila siku kwa kunipiga rungu, ningekuwa polepole.

Nikajaribu kumwambia. "Madamu, nadhani ni ule waya..."

"Ongea! Ulimi umemezwa na nani?"

Nikainama, nikaanza kukunja waya.

Ijumaa nilipata nafasi ya saa chache, nikajaza jedwali la kuku wote. Nilikuwa sijahifadhi safu ya mwisho alipochomoa. Nilipoiwasha tena baada ya mvua, faili lilikuwa limeharibika, halifunguki. Kuku wote, chanjo zote, wateja wote. Nililia pale pale, bila sauti, ndivyo ninavyoliaga.

"Andika tena," Madamu alisema. "Sisi tuliandika kwa mkono na hatukufa."

Nilimchukia. Naandika neno hilo kwa kalamu na silifuti. Mwalimu wa dini anasema tusichukie, lakini mwalimu wa dini hajawahi kwenda kwa Madamu.

Jumamosi nilifika mapema. Mashine ikakwama kwenye bluu, kama kawaida yake. Asubuhi ikaisha. Chakula cha mchana kikapita. Yeye alikula, mimi nilinusa. Namba ilikuwa bado haijafika nusu nilipoona mwanga wa dirishani umebadilika kuwa wa kijivu. Radi ikapiga. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini jikoni.

Nikasimama. Nikaweka mgongo wangu kwenye soketi.

Madamu akaja na kitambaa mkononi. Alishachomoa friji na redio. "Ondoka hapo."

"Hapana."

Nilitaka kugeuka nione nani amesema.

"Kasuku!"

"Madamu, si flashi. Ni wewe." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka kama bati, lakini ilikuwa inatoka. "Kompyuta inajitengeneza kila siku, na kila siku unachomoa kabla haijamaliza. Inaanza tena. Tangu Krismasi. Ukichomoa leo, kesho itaanza tena, na Jumatatu shule inafungua, na mimi sitakuwa na mradi."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumpa mtu asiye wa kwetu.

"Na radi ikija? Itakuuliza kama una mradi?"

"Basi ipige mimi."

"Inipige mimi," alisahihisha. Wallahi, hata hapo alisahihisha, na mimi si hata Mwislamu.

Ndipo ikapiga ya karibu, ile ambayo inapasuka kabla mwanga haujaisha, na vikombe vikalia kabatini. Uso wa Madamu ukaanguka wote. Sijui kusema vingine. Na Kiswahili chake chote cha gwaride kikakimbia.

"Toka hapo! Harafu nitamwambia mama yako nini? Rete mkono! Rete mkono, nimesema!"

Sikutoa mkono. Akakimbilia chumbani. Nikadhani anatafuta fimbo. Akarudi miguu mitupu, na gamboti mbili zikaja hewani, moja ikanigonga goti.

"Vaa, mukhana! Ni mpira. Vaa haraka, vaa!"

Mukhana. Msichana. Nyanya ndiye aliyekuwa akiniita hivyo.

Nikavaa. Miguu yangu ilipotea ndani. Yeye akarudi chumbani, na kwa kuwa pazia la mlango halikufungika vizuri, nilimwona. Alikuwa amepanda kitandani, miguu ameikunja isiguse chochote, amejifunika leso kichwa chote. Alikuwa analia. Si machozi ya mtu mzima. Alilia kama mtoto aliyesahauliwa sokoni, na katikati ya kulia alikuwa anahesabu majina, sijui ya watu gani. Gamboti zake zilikuwa jozi moja tu.

Stima ikafifia. Nikasema ndani ya moyo, usipotee, usipotee. Ikarudi. Namba ikafika nusu. Mvua ya mawe ikaangukia mabati hadi nikashindwa kusikia kile kilio. Namba ikapita mahali pa Alhamisi. Mashine ikajizima yenyewe, ikajiwasha, ikasema subiri kidogo, nikasubiri. Halafu ikafunguka. Hivi tu, kama mlango ambao mtu alikuwa ameushikilia kwa nyuma ameuachilia.

Mvua ilipokuwa matone, Madamu akatoka. Alikuwa amenawa uso, na leso ameifunga kiunoni vizuri.

"Imemaliza?"

"Imemaliza."

Akabonyeza faili la marehemu mmoja. Likafunguka papo hapo. Akabonyeza la pili.

"Mbona hukusema mapema?"

Nikatoa flashi mfukoni na kuichomeka bila kuomba. Aliona. Akaenda kufunua kioo cha ukutani. Nilifanya kazi mpaka jioni, nikaandika kuku wote upya, na mara hii walikaa. Hakunipa chai, hata ile isiyo na sukari. Nilipotoka, sandali zangu zilizokuwa mlangoni zilikuwa zimebebwa na maji, kwa hiyo nilirudi nyumbani na gamboti zake, nikichota matope kila hatua.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, niliziosha gamboti bombani, nikaenda nazo kwake nikiwa na mama. Akina mama wote huanzia pale ndio waende kanisani pamoja. Madamu alikuwa amesimama barazani, kitabu cha nyimbo kwapani, anawaambia kwa sauti ile ile:

"Kipakatalishi changu kimepona. Nimekitoa ule ugonjwa wa flashi mimi mwenyewe."

Mama akaangalia viatu vyake. Nilimwona akiviangalia.

"Haikuwa flashi," nikasema.

Wote wakageuka. Shingo yangu iliwaka moto, lakini maneno yalikuwa yameshajua njia. "Ulikuwa waya. Ulikuwa unachomolewa kila mvua, kabla kompyuta haijamaliza kazi. Jana haukuchomolewa, ndiyo maana imepona. Mimi ndiye niliyeitengeneza. Na mama alisema kuna sababu ingine, na ilikuwako."

Hakuna aliyecheka. Mama wa maziwa akanitazama kutoka juu hadi chini, macho yakatua mkononi mwangu.

"Na hizo gamboti za Madamu ulikuwa nazo za nini, na mlikuwa ndani ya nyumba?"

Madamu alinitazama, kidevu kimeinuka, kitabu cha nyimbo amekibana kwapani. Alikuwa anangoja mdomo wangu, vile mimi nimengoja wake tangu darasa la nne.

"Za kurudi nyumbani," nikasema. "Kulikuwa na matope."

Na matope yalikuwako kweli.

Madamu akashusha pumzi. Akazipokea gamboti, akazigeuza, akakagua nyayo moja baada ya nyingine.

"Kisigino hiki hukukisugua."

Nikamwachia kisigino chake. Nikamshika mama mkono, tukatangulia kanisani.